Fungu la Mgeni

Afisa Elimu wa wilaya, Bwana Elikana Mwaluko, alifika Shule ya Chilungulu saa ya chakula cha mchana, na kwa desturi za Chilungulu mtu hazungumzii kazi kabla hajala. Habari mbaya ikabidi isubiri. Alinawishwa, akawekewa ugali wa uwele na mlenda, na sahani yake haikupunguza ya mtu yeyote maana ilikuwepo tayari. Pale shuleni, kama ilivyo kila nyumba ya kijiji kile, kila mlo hubakizwa sahani moja, ikafunikwa, na haiguswi mpaka watu wote wameshanawa mikono. Hilo ndilo fungu la mgeni. Mgeni akija analikuta, asipokuja wanagawana watoto wadogo.

Mwalimu Mkuu, Dorika Masigati, alimtazama akila na akajua kabisa kuna jambo. Elikana alikuwa mtu wa maneno mengi, wa kula huku akiwasema wakubwa zake wote mpaka waziri. Siku hiyo alikula kimya, macho kwenye sahani, na mlenda hakuusifu.

"Haya baba, umeshiba," Dorika alimwambia. "Sema kilichokuleta."

"Fungu la elimu limeshuka tena, mama."

"Mpaka ngapi?"

Elikana alijifuta mikono taratibu. "Mpaka karibu na sifuri. Mwisho wa mwezi wanafunga bomba."

Dorika alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akaenda dirishani. Ng'ambo ya uwanja darasa la tano walikuwa wanaingia ukumbini kumwagiliwa kwa zamu ya mchana, wanasukumana mlangoni kama kawaida yao, na katikati yao mjukuu wake Loi, mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa anamgombeza mtu. Waliketi kwenye mabenchi chini ya mwavuli, ule mtambo mpana uliotundikwa darini, nao ukaanza kuvuma. Wakanyamaza. Mtoto mmoja mmoja alipeleka kidole nyuma ya sikio kujikuna, maana mbegu ikianza kupokea maji huwa inawasha kidogo.

Mbegu yenyewe ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Mtoto akifika miaka sita anawekewa nyuma ya sikio, inatoa mizizi yake myembamba ndani ya ubongo, na kuanzia hapo hafundishwi na mtu. Anaketi chini ya mwavuli asubuhi na mchana, na kile kinachoshuka kutoka angani, ambacho watu walizoea kukiita maji ingawa hakilowanishi chochote, kinamwingizia kusoma, kuhesabu, historia, sayansi, kila kitu. Walimu kazi yao ni kuwaketisha na kuwaamua wakipigana. Walimu wenyewe walikuwa na mbegu pia. Dorika alijifunza kusoma kwa chaki alipokuwa mdogo, lakini alipowekewa mbegu chuoni ilimeza kila alichokuwa nacho na kukihifadhi upya kwa utaratibu wake.

Ubaya wa mbegu ni mmoja tu. Ikikosa maji inakauka, na ikikauka inakauka na kila ilichokihifadhi.

"Unakumbuka ile Bakiza?" Elikana aliuliza nyuma yake.

"Nitaisahau vipi? Si mimi niliyeianzisha?"

"Ndiyo hiyo iliyotuua."

Alieleza kwa sauti ya chini, na Dorika alimsikiliza bila kugeuka. Zamani kila serikali duniani iliapa kutenga sehemu nzuri ya pato la taifa lake kwa ajili ya elimu, na kila serikali iliapa tena baada ya kushindwa. Dunia ikachoka na viapo. Mataifa yakatia saini mkataba mmoja, yakaikabidhi kazi ile mashine iliyoitwa Mgawi, kwa sababu mashine haigombei ubunge. Mgawi ndiye aliyekata fungu la elimu kwenye pato la kila nchi kabla waziri yeyote hajalitia mkono, akaligeuza maji, akayashusha kwenye miavuli. Na katika kuamua nchi ikatwe sehemu ngapi katika mia, alitazama kitu kimoja tu, matumizi. Kinachotumika kinahitajika, kisichotumika hakihitajiki.

Sasa Dorika, miaka michache nyuma, aliamua kwamba shule haiwezi kuwa na adabu ndogo kuliko jiko lake. Akaacha nafasi chini ya mwavuli, benchi zima la mbele, lisikaliwe na mtu. Lilikuwa fungu la wageni, watoto wa wafugaji wanaopita kiangazi na ng'ombe wa baba zao, ambao siku yoyote wangeweza kuingia na kuketi. Maji yalishuka kila asubuhi juu ya benchi tupu. Afisa mmoja wa mkoa akaliona, machozi yakamlenga, akapiga picha. Mkoa ukaiga. Halafu taifa likaiga, likaipa jina la Bakiza, ikachorwa kwenye kuta za shule kila mahali, na wanasiasa wakaisemea majukwaani kwamba huu ndio utu wetu.

"Mgawi ameona benchi tupu nchi nzima, mwaka hadi mwaka," Elikana alisema. "Amekata shauri kwamba nchi hii ina elimu inayoizidi. Ametupunguza kidogo, sisi tukabakiza vilevile katika hicho kidogo. Akapunguza tena."

"Si mumwambie."

"Nani amwambie, mama? Lile fungu lililorudishwa, Hazina wameshapata pa kulipeleka. Wanajenga barabara ya juu. Mtambo wa dunia nzima umesema huna haja na elimu yote hiyo, waziri gani atasimama aseme anayo?"

Dorika alishikwa na aibu. Ilikuwa aibu ya mtu aliyepika kwa ajili ya wageni akawalisha sumu wanawe. Alitaka kuuliza ni shule ngapi, akaona hana haja ya kujua.

Elikana alikuwa bado hajamaliza. Kila shule itaachiwa maji ya mwisho kwenye pipa lake, alisema, ya kuagia. Pipa la Chilungulu lingewatosha darasa la tano na la sita miezi mitatu, mpaka mvua zianze. Baada ya hapo watakauka kama wengine wote.

"Na akimwagiliwa mmoja?" Dorika aliuliza.

"Mmoja vipi?"

"Mtu mmoja peke yake. Pipa lote."

Elikana alipiga hesabu kichwani. "Miaka," alisema. "Labda mpaka azeeke. Lakini mtu gani huyo wa kumnyima kila mtoto kwa ajili yake?"

*

Mtu mwenyewe alikuwa Sospeter Chilongani, mwalimu kijana, mpole kupita kiasi, ambaye watoto walikuwa wanamwibia chai mezani naye anajifanya haoni. Dorika alimwita ofisini akafunga mlango.

"Sitaki," Sospeter alisema kabla hajamaliza kuelezwa.

"Sijakuuliza kama unataka. Kaa."

Akakaa.

"Wale wageni umewaona?" Dorika alimuuliza.

Nani asingewaona? Mzee Saning'o, mfugaji wa Kiparakuyo kutoka upande wa Kiteto, alikuwa amepiga kambi karibu na kisima cha shule na watu wake na ng'ombe waliobaki, maana ukame ulikuwa umemfukuza kila mahali pengine. Miaka yote benchi lilikaa tupu likiwasubiri, nao wamefika wakati bomba linafungwa. Watoto wao walishinda madirishani wakichungulia mwavuli. Hawakuwa na mbegu, na mbegu mpya hazikuletwa tena.

"Wale hawana mbegu," Dorika aliendelea. "Maana yake kichwa chao kiko kama cha mama yangu mimi. Unaweza kuwafundisha kwa mkono, kwa mkaa na ukuta, na kikiingia kimeingia. Hakidai maji. Na hata hawa watoto wetu wadogo wa kijijini ambao hawajafikia kuwekewa, wako hivyohivyo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja anayejua kusoma asiyekauka. Watu wazima wote hapa tuna mbegu. Tutakauka."

"Basi umwagiliwe wewe. Ndiye mwalimu mkuu."

"Mimi nina miaka mingapi mbele yangu? Wewe ukifundisha mpaka uzeeke, ukafundisha hata watano kila mwaka, nao wakafundisha wengine, kijiji hiki kitasoma bila bomba la mtu. Hawa darasa la tano nikiwapa pipa, nimewapa miezi mitatu. Baadaye hakuna kitu. Si hapa tu, nchi nzima."

Sospeter alikuwa analia bila kujificha, kama alivyozoea kufanya mambo yake. "Watakapoanza kusahau watakuja kwangu," alisema. "Watanikuta mimi nasoma. Nitawaambia nini, mama?"

"Utawaambia ni mimi."

"Na Loi?"

Hilo Dorika alilitarajia, na bado lilimchoma. Loi alikuwa mtoto wa bintiye aliyefariki. Alimlea toka ananyonya. Loi alipoanza kusoma alikuwa anasoma kila kitu kwa sauti, mifuko ya mbolea, vibandiko vya dawa, maandishi ya fulana za watu mpaka wanaona haya. Usiku alikuwa anamsomea bibi yake hadithi alizozitunga mwenyewe, na nyingi zilikuwa juu ya mwalimu mkuu mkali anayeliwa na fisi.

"Loi ni wa darasa la tano," alisema.

Aliingia ukumbini peke yake, akaweka kiganja kwenye pipa, akalitajia jina la Sospeter. Mtambo ulimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Hakuwa nayo hata kidogo, lakini mashine haisikii tofauti.

*

Wazazi walikuja siku ya pili yake, baba kwa mama, wakajaa uwanjani. Hakuna aliyemtukana. Watu wa Chilungulu hawatukani mtu mzima hadharani, wanamwuliza tu swali moja kwa adabu, kisha wanaliuliza tena.

"Mwalimu, mbukwa," alianza Mama Dani, muuza uwele, kwa salamu ya Kigogo, na alimwamkia kweli, akasubiri kuitikiwa. "Tunaomba kujua. Umewanyima watoto wetu ukawapa wageni?"

"Sijawapa wageni. Nimempa Sospeter."

"Naye anamfundisha nani?"

"Yeyote ambaye hana mbegu. Nileteeni wale wadogo, wa miaka mitatu, minne, mitano. Nileteeni hata kesho."

Mama Dani aliwageukia wenzake, kisha akamgeukia tena. "Kwa mkaa?" aliuliza. "Ukutani? Watoto wetu?" Na hapo Dorika akaelewa kwamba hawatawaleta. Waliamini bomba litafunguliwa. Mtoto akishaingizwa mkaa kichwani, walisema, mbegu itakuja kukosa pa kukaa. Hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha hilo, lakini lilisemwa kwa uhakika sana, na mchana ule likageuka kuwa jambo ambalo kila mtu alilijua siku zote.

Kwa hiyo Sospeter aliwafundisha wageni peke yao. Walikuwa sita, na aliyewaongoza alikuwa binti wa Mzee Saning'o, Namnyak, msichana wa miaka kumi hivi mwenye sauti nzito na dharau kwa kila kitu kisichokuwa na pembe. Siku ya kwanza alizitazama herufi ukutani akauliza zinakamuliwaje. Siku ya tatu alikuwa anazichora mavumbini kwa fimbo ya kuchungia na kuwapiga wadogo zake wakizikanyaga. Sospeter, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufundisha, aligundua kwamba anaweza. Alikuwa anatoka darasani mikono na uso vyeusi kwa mkaa, akicheka peke yake. Dorika alimwona, akafurahi, kisha akaionea haya furaha yake.

Maana ndani ya nyumba yake mambo yalikuwa mengine. Mbegu inakauka kuanzia kilichoingia mwisho. Kwanza Loi alipoteza sayari. Alilieleza jambo hilo kwa mzaha, kwamba amelala nazo, ameamka hana. Halafu zikaenda nchi na miji yake mikuu, halafu kuzidisha, halafu kugawanya. Alikuwa anaamka asubuhi na kukaa kitandani akijikagua, anapitia vitu alivyo navyo kama mtu aliyeibiwa usiku. Mzaha ukaisha.

Dorika alijaribu. Alichora herufi ukutani kwa mkaa, akamshika mkono, akaipitisha naye mara nyingi, wakaiimba. Asubuhi Loi aliijua. Alipotoka kula hakuijua. Mbegu hata ikiwa kavu inashikilia mahali pake, na herufi haina pengine pa kushika.

"Tuendelee, bibi," Loi alisema.

"Tupumzike kidogo."

"Tuendelee. Nitaishika."

Waliendelea mpaka ukuta mzima ukawa mweusi, na Loi hakuishika. Mwisho alikaa sakafuni akauliza swali ambalo Dorika alilisubiri wiki zote zile.

"Maji yalikuwepo, sivyo? Yale ya pipa. Yangenitosha."

"Yangekutosha miezi mitatu. Halafu ungekuja kukaa hapohapo ulipokaa."

"Lakini ningekuwa nimesoma miezi mitatu," Loi alisema.

Dorika aliweka mkaa chini. Alikuwa na hesabu nzima kichwani mwake ya miaka na vizazi, na hesabu ile ilikuwa sahihi, na haikumfaa kitu mbele ya mtoto aliyekaa sakafuni. Alimvuta akamkumbatia. Loi alikubali kukumbatiwa, lakini mikono yake mwenyewe hakuinyanyua.

*

Elikana alirudi bila taarifa. Safari hii hakusubiri chakula. Alimkuta Dorika ukumbini anapanguza vumbi kwenye mabenchi ambayo hayakaliwi, akakaa kwenye mojawapo kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Mama, umefanya nini na pipa?"

"Unajua nilichofanya."

"Mgawi amepitia mapipa yote. Ameikuta Chilungulu ina pipa limejaa na mwanafunzi hata mmoja hanywi. Anayekunywa ni mwalimu. Mwalimu si mwanafunzi."

"Wanafunzi wapo. Nenda nje ukawaone. Wanasoma, Elikana, wale watoto wanasoma sentensi nzima."

"Wana mbegu?"

Dorika aliendelea kupanguza benchi.

"Asiye na mbegu hahesabiki. Kwake yeye hapa hakuna shule. Kuna jengo, na maji yamelala." Elikana alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Hakuwa na hasira, na Dorika alitamani angekuwa nayo. "Shule zilizowanywesha watoto wote mpaka tone la mwisho, Mgawi ameona kiu. Ameziongeza. Kidogo sana, lakini ameziongeza mpaka mwakani. Wewe umebakiza tena, mama."

Ilikuwa kweli, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angekosea vile mara mbili. Mtu wa mahali pengine, penye njaa ya aina nyingine, angekunywa yote siku ileile na kulamba chombo. Dorika alilelewa na watu ambao hata mwaka wa njaa walifunika sahani moja. Kitu kikiwa kidogo, wazo lake la kwanza ni kukiweka. Hakulichagua wazo hilo. Lilikuwa ndani yake kabla ya mbegu, na mbegu haikulimeza.

"Loi angekuwa anasoma sasa hivi," alisema.

"Mama, usijifanyie hivyo."

"Nauliza tu. Ningewapa wao, Loi angekuwa anasoma?"

Elikana alitazama mlangoni. "Mpaka mwakani, ndiyo."

Kisha akasimama, akaenda kwenye pipa, akafanya alichotumwa. Mwavuli ulitoa mvumo mfupi ukanyamaza. Alipotoka alipita jikoni bila kuingia, na mpishi aliyemwita hakuitikiwa.

*

Sospeter alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu ana muda gani, akaambiwa mwezi na kitu, kama wengine. Tangu siku hiyo alifundisha kwa fujo, alfajiri mpaka giza, anafoka, yeye ambaye hajawahi kumfokea mtu. Aliwamwagia wale watoto sita kila alichokuwa nacho kabla hakijaondoka. Akipoteza kitu alikuwa anaona anakipoteza. Alisimama mbele ya ukuta na mkaa mkononi, sentensi imeanza, mwisho wake haupo.

Siku moja aliandika neno, akalitazama, akamgeukia Namnyak. "Hili nimeandika nini?"

"Mvua," Namnyak alisema.

"Sawasawa," alisema Sospeter, na Dorika, aliyekuwa mlangoni, aliona kwamba hakuuliza kwa kupima.

Dorika mwenyewe herufi zilikuwa zimeshamtoka. Hakuisikia siku zilipoondoka. Aliinua tu kibandiko cha dawa ya kikohozi akaona michoro. Wazo lilimjia hapo, akaling'ang'ania kwa kucha: Namnyak. Namnyak hatakauka. Namnyak akibaki, akikaa Chilungulu akakua, wazazi wakilainika, basi bado kuna mtu. Pipa limekwenda, darasa la tano limekwenda, lakini kisingizio chake, sababu yote ya alichofanya, ilikuwa bado inatembea uwanjani na fimbo ya kuchungia.

Halafu mvua ikanyesha kweli upande wa Kiteto. Wingu lilionekana jioni, na Mzee Saning'o akaanza kufunga mizigo.

Dorika alimwendea kambini. Alipewa kigoda, akapewa maziwa ya fungu la mgeni, maana nao wana la kwao, akayanywa yote.

"Mzee, nimekuja kuomba kitu kikubwa."

"Omba, mama. Umetunywesha kisima chako kiangazi kizima."

"Niachie Namnyak."

Saning'o hakushtuka. Alizungusha kikombe mkononi, akafikiria kwa heshima, kama mtu anayelipima ombi kwa haki.

"Atakaa na nani?"

"Na mimi. Nitamlea kama mjukuu wangu. Ndiye mtu pekee hapa anayejua kusoma, mzee. Sisi wengine tumekwisha."

"Nimeambiwa. Nimewasikitikia." Aliweka kikombe chini. "Mama, ng'ombe waliobaki ni wachache na mama yake hayupo. Wale wadogo watano anawaangalia yeye. Ukimchukua mmoja umewachukua sita. Nawe nikikuachia sita, mimi nachunga nini?" Alisema bila ukali wowote. "Nikipita tena kiangazi kijacho, nitapita hapahapa. Kama tutakuwa hai."

"Kiangazi kijacho," Dorika alisema.

"Kama tutakuwa hai."

Alitaka kumwambia kwamba watoto wote wa shule yake wameuzwa kwa ajili ya huyu mmoja. Alitaka kumshika mguu. Lakini mgeni akitaka kuondoka hazuiwi, anasindikizwa, na hata katika saa ile mdomo wake ulikataa kusema lingine. Aliwatakia safari njema. Akawafungia uwele wa njiani.

Waliondoka alfajiri. Kengele za ng'ombe zilisikika mbali, halafu hazikusikika. Dorika alikwenda shuleni kwa sababu miguu ilizoea, akawakuta Sospeter na Loi wamesimama mbele ya ukuta wa darasa. Ukuta ulikuwa umefutwa ukasafishwa, na juu yake, kutoka upande huu mpaka upande ule, palikuwa na maandishi mapya ya mkaa, makubwa, ya mkono usiotetemeka, mistari mitatu.

"Ni Namnyak," Loi alisema. "Nilimwona kwa mbali anatoka. Aliniaga kwa mkono."

"Amesemaje?" Dorika aliuliza.

Sospeter alisogea, akaweka kidole chini ya mwanzo wa mstari wa kwanza, akakipeleka taratibu mpaka mwisho, kama alivyokuwa anawafundisha wale watoto. Kidole kikafika mwisho. Akakishusha mstari wa pili, akaupitia nao, na wa tatu. Kisha akakaa na mkono wake hewani.

"Sijui, mama," alisema.

Loi alikuwa bado anatazama. "Ni mengi," alisema. "Alikuwa na mengi ya kutuambia."